Muda wa Mwenzako

Julai 2020, baada ya zaidi ya miezi mitatu ya milango kufungwa kwa sababu ya korona, Wakenya waliruhusiwa kurudi makanisani kwa masharti ambayo hayakuwahi kusikika. Waumini wasizidi 100. Ibada isizidi saa moja. Kwa makanisa ya Kibomet na vitongoji vingine vya Kitale, kama yale ya Bungoma upande wa pili, hilo lilikuwa jambo zito. Huku ibada ya Jumapili huweza kuanza kwa nyimbo za sifa saa tatu asubuhi na watu wakatoka saa nane mchana, jua likiwa limeshavuka utosi. Sasa matangazo yalilazimika kuwa mafupi, utambulisho wa wageni ukapunguzwa, na mhubiri akaingia kwenye Neno bila kuzunguka.

Masharti yalipolegezwa, makanisa mengi yalirudia mwendo wake wa awali. Swali lililoibuliwa na ile saa moja halijaondoka, hata hivyo. Katika saa nne au tano za kawaida, ni zipi zilizokuwa za Mungu, na ni zipi zilizokuwa za kumngoja mtu fulani afike?

Mafundisho mengi kuhusu Mkristo na muda huanza na kuishia kwa mtu binafsi: amka mapema, omba, panga siku yako, punguza simu. Ni mashauri mema. Lakini yanamfaa zaidi mtu ambaye tayari anamiliki saa zake. Wengi hawazimiliki. Saa zao ziko mikononi mwa mwajiri, mwenye trekta, mume, mchungaji, mgeni rasmi. Kwa hiyo kuna swali linalopaswa kutangulia: Mkristo anatumia muda wa nani?

Kuhusu thamani ya muda wenyewe, mkulima wa Trans Nzoia hahitaji somo. Kaunti hii yenye mji wa Kitale, iliyokaa kati ya Mlima Elgon na milima ya Cherangani, ina msimu mmoja mrefu wa mahindi. Mbegu huingia ardhini mvua zinapoanza, mwishoni mwa Machi au Aprili, na mavuno huja Oktoba au Novemba. Aina za mbegu zinazofaa miinuko hii, kama H614, huchelewa kukomaa, kwa hiyo aliyepitwa na mvua za kwanza hana msimu wa pili wa kurekebisha. Hapa ndipo Kampuni ya Mbegu ya Kenya ilipoanzishwa mwaka 1956, na hapa ndipo ilipotoka H611, mahindi chotara yaliyotolewa mwaka 1964 kwa kuzalisha aina ya Kitale pamoja na aina iliyoletwa kutoka Ekuado. Mbegu hizo zilibadilisha maisha ya mamilioni ya watu. Hata hivyo, mtafiti A. Y. Allan, aliyeshughulikia kilimo cha mahindi katika magharibi ya Kenya miaka ile ya 1960, alionyesha kwamba mbegu bora peke yake haitoshi. Siku ya kupanda ni miongoni mwa mambo yanayoamua kwa nguvu zaidi mkulima atavuna nini.

Sababu zake zinaeleweka. Mvua ya kwanza inapolowesha udongo uliokauka kwa miezi, viumbe vidogo vya ardhini huamka na kuachilia naitrojeni kwa wingi. Mche uliokwisha kuota huikuta. Uliochelewa huikuta imesombwa chini na mvua zilizofuata, nao huanza maisha katika udongo wa baridi na maji mengi, huku funza wa shina wakiwa wameongezeka. Tangu viwavijeshi vamizi viingie Kenya mwaka 2017, mahindi machanga ya mwisho yamepata adui mwingine.

Kupanda mapema kwaonekana ni jambo lisilogharimu senti. Lakini nenda shambani uone. Ili mbegu iingie ardhini mvua inaponyesha, shamba lazima liwe limelimwa wakati wa kiangazi, na pesa za mbegu na mbolea ziwe mkononi kabla karo ya shule haijazimeza. Mwenye trekta hulima lake kwanza, kisha la mwenye pesa taslimu, kisha la jirani mwenye ekari nyingi. Mjane mwenye robo ekari hufikiwa mwisho, wiki mbili au tatu baadaye. Anapovuna kidogo, watu husema hakuamka mapema. Ukweli ni kwamba aliamka kila siku, akasubiri. Muda wake ulitumiwa na wengine.

Eneo hili limewahi kuona hali hiyo ikiwa sheria. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, ardhi ya Trans Nzoia iligawiwa walowezi wa Kizungu, wakiwemo wanajeshi waliostaafu, na reli ikafika Kitale mwaka 1926 kubeba mazao yao. Wabukusu, Wanandi, Wasabaoti na wengine waliishi katika mashamba hayo kama maskwota. Sheria ya 1918 ilimtaka skwota amfanyie kazi mwenye shamba siku zisizopungua 180 kwa mwaka, na baada ya sheria mpya ya 1937 siku hizo zilipanda hadi 240, na kwingine 270. Kibarua wa mwezi alifanya kazi kwa tiketi ya siku 30. Mpaka siku zote ziwekewe alama, hapakuwa na mshahara. Siku ya mvua au ya ugonjwa haikuhesabiwa. Kijishamba cha skwota mwenyewe kililimwa kwa siku zilizosalia, nazo mara nyingi zilikuwa zimeshapita siku nzuri za kupanda.

Kwa watu waliopitia hayo, amri ya Sabato ilikuwa na uzito ambao leo umesahaulika. Kitabu cha Kumbukumbu la Torati, sura ya tano, kinapotoa amri ya pumziko hakizungumzii ibada ndefu. Kinataja mtumwa na mjakazi, ng'ombe na punda, na mgeni aliye malangoni, na kinaeleza lengo: mtumishi apumzike sawasawa na bwana wake, kwa kuwa Israeli wenyewe walikuwa watumwa Misri. Kutoka 34 inakwenda mbali zaidi na kusema pumziko lishikwe hata majira ya kulima na ya kuvuna. Ni agizo gumu kwa mkulima. Mvua ikinyesha Jumamosi usiku baada ya kiangazi kirefu, mwenye shamba Kibomet anaweza kuamka Jumapili na moyo uliogawanyika, na Yesu mwenyewe aliuliza ni nani asiyemtoa ng'ombe wake kisimani siku ya Sabato. Wakristo wanyofu hapa hutofautiana, na si vema kuwahukumu. Lakini mwenye ekari ishirini anayekwenda kanisani kwa suti huku vibarua wake wakipanda hajaishika amri hiyo. Amejipa pumziko kwa kutumia siku yao.

Marafiki, yaani Wakweka, wana urithi unaosaidia katika jambo hili. Wamisionari wao walifika Kaimosi mwaka 1902 na kuanzisha kazi walizoziita za viwanda, pamoja na shule na hospitali. Toka huko imani ilienea hadi Lugulu na Kimilili katika Bungoma, na pamoja na wafanyakazi wa mashambani hadi Trans Nzoia. Leo Kenya ina Wakweka wengi kuliko nchi nyingine yoyote duniani. Waanzilishi wa dhehebu hilo kule Uingereza, katika karne ya 17, walikataa kuadhimisha sikukuu za kanisa kwa sababu waliamini hakuna siku iliyo takatifu kuliko nyingine: Jumanne ya sokoni ni ya Mungu kama Jumapili ya ibada. Kwa mtazamo huo, mwenye duka anayemwambia mteja arudi kesho huku akijua bidhaa haitakuwepo kesho ametenda kosa la kiroho, na fundi anayeahidi nguo Ijumaa bila nia ya kuishona kabla ya Jumatatu amefanya vivyo hivyo.

Mtume Paulo yuko karibu na fikra hiyo. Katika Waefeso sura ya tano anawahimiza waumini wautumie vema wakati, na maneno hayo mara nyingi hunukuliwa yakiwa peke yake. Yakisomwa pamoja na jirani zake, yanabadilika sura. Mistari miwili mbele anaonya juu ya ulevi, onyo ambalo jamii zinazoishi na busaa na chang'aa zinalielewa vizuri. Sura moja nyuma anamtaka aliyekuwa mwizi afanye kazi kwa mikono yake ili awe na cha kumgawia mhitaji. Kwake, kazi ina lengo, na lengo hilo liko kwa mtu mwingine.

Hapa wengine watasema kwamba mambo ya saa ni ya Wazungu na kwamba Mwafrika ana muda wake. Aliyelichunguza suala hili kwa uzito ni John Mbiti, kasisi wa Kianglikana na msomi mzaliwa wa Kitui, katika kitabu chake African Religions and Philosophy cha mwaka 1969. Alieleza kwamba katika mapokeo ya Kiafrika muda huundwa na matukio na watu, na kwamba mgeni anayewaona wazee wamekaa chini ya mti na kusema wanapoteza muda hajaelewa anachokiona. Wasomi wengine walipinga sehemu za hoja yake, lakini Bungoma inampa ushahidi. Wabukusu huhesabu vizazi kwa marika ya tohara, tohara inayofanyika Agosti ya mwaka shufwa: Kolongolo, Kikwameti, Kananachi, Kinyikeu, Nyange, Maina, Chuma, Sawa, kisha mzunguko huanza upya. Mtu hujua alipo katika historia kwa kujua walioingia jandoni pamoja naye.

Muda wa namna hiyo una adabu kali. Tohara haingojei mgeni rasmi, na mvulana haambiwi arudi baada ya saa mbili. Kwa hiyo kumtaja Mwafrika ili kutetea mkutano uliotangazwa wa saa nne ukaanza saa saba ni kumsingizia. Wazee waliokaa chini ya mti walikuwa pamoja, wakisuluhisha, wakisikilizana. Akina mama waliokaa kwenye viti vya plastiki wakimngoja mwanasiasa aje kuchangia ujenzi wa kanisa hawakuundiwa muda wowote. Wamenyang'anywa, na jioni watachota maji na kuwasha moto kama kawaida, gizani.

Matanga yanaonyesha pande zote mbili. Kukaa na waliofiwa usiku kucha ni matumizi ya muda yasiyoweza kupimwa kwa faida, na kanisa linalowatuma watu wake kufanya hivyo linamtii Kristo. Wakati wa korona, mazishi yalipowekewa kikomo cha watu 15, familia nyingi ziliumia kwa kuzika haraka na kwa upweke. Wakati huohuo, familia hizo ziligundua ni kiasi gani cha gharama za majuma mawili ya matanga kilikuwa cha chakula na hotuba, na ni kiasi gani kilikuwa cha faraja. Kamati za mazishi zina kila sababu ya kuutumia ujuzi huo bila kungoja janga lingine.

Injili ya Marko, sura ya tano, ina kisa kinachofaa kusomwa polepole na yeyote anayepanga ratiba. Yairo, mkuu wa sinagogi, anamwomba Yesu aharakishe kwa binti yake wa miaka 12 aliye mahututi. Njiani, mwanamke aliyetokwa damu kwa miaka 12 anagusa vazi lake, na Yesu anasimama. Anauliza nani amemgusa, anamsikiliza mpaka mwisho, huku mkuu wa sinagogi akingoja. Katika kanisa la kawaida, mpangilio ungekuwa kinyume: mheshimiwa angehudumiwa na mwanamke angeambiwa aje Jumatano. Hapo Yesu hakumfanya mnyonge asubiri kwa ajili ya mkubwa.

Ikiwa hivyo ndivyo, baadhi ya desturi za kanisa zinahitaji kuangaliwa upya. Ibada ianze kwa saa iliyotangazwa, hata kama waliopo ni bibi kizee mmoja na watoto wa shule ya Jumapili. Kesha la Ijumaa ni baraka, lakini wiki za kupanda linaweza kuwa fupi, na walinzi na manesi wa zamu wasionekane wachanga kiroho kwa kulikosa. Wachungaji wenye ushirika kila siku ya juma wajiulize nani anapika nyumbani saa hizo, na nani anauza kibandani.

Sheria ya nchi tayari imetoa msaada. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufaa iliwaunga mkono Waadventista waliotaka wanafunzi wao waruhusiwe kuabudu Jumamosi bila kulazimishwa masomo, ishara kwamba hata muda wa mtoto aliye shuleni una mwenyewe. Na Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 27, inampa kila mwajiriwa angalau siku moja ya kupumzika katika kila siku saba. Haimbagui msichana wa kazi za nyumbani, yule anayebaki kupika chapati na kuku Jumapili ili familia ikitoka ibadani na wageni ikute meza iko tayari. Familia ya Kikristo Kitale au Bungoma inaweza kuanzia hapo wiki hii: iketi na binti huyo, imwulize angependa siku gani, iiandike ukutani jikoni, na wageni wakija siku hiyo, baba na mama wavae aproni.