Roma, Sotik na Aliyeketi Kutazama

Leo ukitaja Sotik, Mkenya hufikiria majani chai, maziwa na baridi ya asubuhi. Mwaka 1909 jina hilo lilikumbusha simba na vifaru. Theodore Roosevelt, aliyekuwa ameondoka kwenye urais wa Marekani mwezi Machi mwaka huo, aliteremka Mombasa tarehe 21 Aprili. Ilipofika Juni alikuwa njiani kutoka Kijabe kuelekea Sotik, akikata nyanda kavu na magari ya kukokotwa na ng'ombe. Katika kitabu chake, African Game Trails, kilichochapishwa mwaka 1910, uwindaji wa Sotik umepewa nafasi kubwa. Msomaji wa Bomet ajue tu kwamba wazungu wa enzi hiyo waliita Sotik eneo pana kuliko mji tunaoujua. Lilishuka hadi Ewaso Ng'iro ya kusini, ambayo sasa imo Narok.

Safari nzima, kuanzia pwani hadi Sudan, ilichukua karibu mwaka mmoja. Roosevelt na mwanawe Kermit waliangusha wanyama 512, wakiwemo simba 17, ndovu 11 na vifaru 20. Ngozi zilitiwa chumvi, zikabebwa na wapagazi, zikapakiwa melini kwenda taasisi ya Smithsonian mjini Washington. Wataalamu watatu wa viumbe, Edgar Mearns, Edmund Heller na Alden Loring, walikuwa kwenye msafara, na vielelezo vyote pamoja, hadi panya na ndege wadogo, vilipita 11,000. Roosevelt alishikilia kwamba hiyo ilikuwa kazi ya elimu. Simpingi moja kwa moja, kwa sababu vielelezo vile vimewafaa watafiti. Lakini elimu peke yake haielezi kwa nini magazeti ya Marekani yalimfuata kiongozi huyo hatua kwa hatua, wala kwa nini simba wa mbali alikuwa na thamani kubwa namna ile machoni pa watu ambao hawangekanyaga Kenya maishani mwao. Kwa hilo inabidi turudi Roma ya kale, kwa kuwa Warumi ndio walioifanya biashara ya wanyama wa mbali kuwa kazi ya dola.

Mwaka 186 kabla ya Kristo, jemadari Marcus Fulvius Nobilior aliwaonyesha raia wa Roma uwindaji wa simba na chui kusherehekea ushindi wake huko Ugiriki. Tangu hapo mwanasiasa aliyetaka kura alijua la kufanya. Mwaka 51 kabla ya Kristo, Caelius Rufus, aliyekuwa akijiandaa kugharamia michezo mjini, alimwandikia rafiki yake Cicero barua baada ya barua akimwomba chui. Cicero wakati huo alikuwa gavana wa Cilicia, kusini mwa Uturuki ya leo, na kwa Caelius ilikuwa jambo la kawaida kabisa kwamba gavana wa jimbo angewatuma wawindaji wa huko wamfanyie kazi mgombea wa mji mkuu. Cicero alimjibu kwamba chui wameadimika.

Uwanja mkubwa ambao magofu yake huitwa Colosseum ulifunguliwa mwaka 80 baada ya Kristo, chini ya mfalme Titus. Mwanahistoria Cassius Dio anasema wanyama 9,000 waliuawa katika sherehe za ufunguzi zilizodumu siku 100. Mfalme Trajan alipoishinda Dacia, nchi iliyokuwa mahali ilipo Romania, alifanya michezo ya siku 123, na Dio anataja wanyama 11,000. Waandishi wa kale walipenda kutia chumvi hesabu, lakini hata ukikata nusu bado ni maelfu. Sarafu za mfalme Domitian zina picha ya kifaru mwenye pembe mbili, na kifaru wa pembe mbili aliyejulikana Roma alitoka Afrika. Mnyama wa jamii hiyo ndiye ambaye Roosevelt alimpiga risasi Sotik zaidi ya miaka 1,800 baadaye.

Hesabu hizo zisitufumbe macho tusione kazi iliyokuwa nyuma yake. Simba hakufika Roma kwa miguu yake. Alizungukwa na wanavijiji na askari, akasukumwa hadi kwenye nyavu, akatiwa kwenye kizimba cha mbao, akapakiwa jahazini, akavuka Bahari ya Kati bila kujua kama atalishwa. Huko Piazza Armerina, Sicily, kuna sakafu ya mawe madogo ya rangi, ya karne ya nne, yenye urefu wa takriban mita 60, inayoonyesha kazi hiyo tangu porini hadi kwenye ngazi ya meli. Katika eneo la Tunisia ya leo palikuwa na makampuni ya wawindaji wa uwanjani. Sakafu nyingine, iliyopatikana Smirat, inakumbuka tajiri mmoja aitwaye Magerius aliyewalipa wawindaji wa kampuni ya Telegenii dinari 1,000 kwa kila chui, maradufu ya walizodai. Kwa hiyo Waafrika hawakuwa upande wa hasara tu. Baadhi yao walitajirika na kusifiwa. Aliyebaki na hasara ni pori lenyewe. Mwandishi Ammianus Marcellinus, katika karne ya nne, aliandika kwamba viboko wa Misri walikuwa wamekwisha kwa kuwindwa.

Sasa tuje kwa binadamu waliopigana uwanjani, maarufu kama gladieta. Watu hudhani walikuwa askari hodari tu. Wengi walikuwa watumwa, wahalifu na mateka wa vita, ingawa wapo walioingia kwa hiari kutafuta pesa. Linalonigusa zaidi ni mavazi yao. Aina za kwanza za wapiganaji hao ziliitwa Msamniti, Mgalia na Mthrasi, yaani majina ya mataifa ambayo Roma ilipigana nayo. Mshindwa alivishwa silaha za watu wake, au za watu wengine walioshindwa, kisha akaamriwa apigane tena mbele ya walioshinda. Spartacus, aliyeongoza maasi ya mwaka 73 kabla ya Kristo, alikuwa Mthrasi. Mwaka 393 baada ya Kristo, mateka 29 wa Kisaksoni waliokuwa wamenunuliwa kwa michezo ya seneta Symmachus walinyongana kwa mikono yao kabla ya siku kufika. Symmachus aliandika kulalamika juu ya hasara aliyopata.

Nikisoma habari hizo, akili yangu haiendi kwanza kwenye bunduki za Sotik. Inakwenda kwenye uwanda wa Uasin Gishu, mwishoni mwa mwaka 1909, ambako wapiganaji wa Kinandi waliletwa ili Roosevelt aone wanavyomwua simba kwa mkuki. Wazungu waliopanda farasi walimtafuta simba na kumzuia. Wanandi wakafika mbio na ngao zao, wakamzingira, duara likajibana polepole. Simba akamrukia mmoja wao, naye akamchoma mkuki huku akiangushwa chini ya makucha. Wenzake wakammalizia mnyama kwa muda mfupi mno. Roosevelt aliyatazama hayo kutoka juu ya farasi na kuyaandika kwa sifa nyingi. Mwaka uliofuata Carl Akeley, mtengenezaji wa sanamu za wanyama wa makumbusho, aliwakodi wapiganaji wa Kinandi ili apate picha za tendo lilelile.

Tarehe ndiyo inayobadilisha maana ya tukio hilo. Wanandi walikuwa wamewapinga Waingereza kwa takriban miaka kumi, na kiongozi wao, Koitalel arap Samoei, aliuawa tarehe 19 Oktoba 1905 alipokwenda kuzungumza amani. Mwaka huohuo wa 1905 jeshi la kikoloni lilivamia Sotik kuwaadhibu Wakipsigis, ambao ni ndugu wa Wanandi, na kuwanyang'anya ng'ombe. Miaka minne baadaye, mkuki uleule uliokuwa umeogopwa ukawa kitu cha kutazamwa na mgeni. Wapiganaji wale hawakuwa watumwa, na ushujaa wao haukuwa wa kuigiza. Hata hivyo Mrumi angeelewa mara moja alichokuwa akitazama: watu walioshindwa juzi, na mnyama wa nchi yao, wamekutanishwa mbele ya mtu aliyeketi juu zaidi.

Wanandi na Wakipsigis walimwua simba tangu zamani, bila shaka. Walimwua kwa sababu alikula ng'ombe, na aliyemchoma alipata heshima kwa majirani waliomjua. Tena koo za Kipsigis zina wanyama wao, kama vile simba, ndovu, nyani, hata nyuki, na mtu wa ukoo huo humheshimu mnyama wake. Hapo kuna mpaka: anayemwua simba ili ng'ombe wapone hana haja ya simba wa pili kesho, ila anayetaka kuonyesha watu simba huhitaji mwingine kila msimu.

Hamu ya kuonyesha wanyama ilirudi katika nchi hii kwa njia ya upole zaidi. Bongo, swala mkubwa mwenye rangi ya kahawia nyekundu na mistari myeupe, aliishi Mau, Aberdare na Mlima Kenya. Katika miaka ya 1960 na 1970 wengi walikamatwa wakiwa hai na kusafirishwa hadi bustani za wanyama za Marekani. Hapakuwa na damu uwanjani, na ni kweli kwamba wazao wao leo ndio akiba ya jamii hiyo, kwa sababu porini bongo wa mlimani wamebaki wachache kiasi kwamba hesabu nyingi haziwafikishi 100. Kukamatwa peke yake hakukuwamaliza. Ujangili, mbwa wa wawindaji na kukatwa kwa msitu kulifanya zaidi. Mwaka 2001 serikali iliondoa zaidi ya hekta 61,000 za Mau kwenye ulinzi wa kisheria, na sehemu kubwa zaidi ilikuwa Mau ya Mashariki, ikifuatiwa na Mau ya Kusini Magharibi, ule msitu unaopakana na mashamba ya chai ya Kericho na Bomet na kuyapa mvua.

Mwaka 2004 bongo 18 walirudishwa kwa ndege kutoka Marekani, na Februari 2025 wakafika wengine 17 kutoka Florida. Wote walielekezwa upande wa Mlima Kenya. Nadhani umefika wakati wa kuuliza kwa sauti kuhusu Mau: ni lini upande wa Kericho na Bomet utapata fungu lake, na mashamba makubwa ya chai, ambayo yamenufaika na msitu huo tangu miaka ya 1920, yatachangia nini kwenye uzio, askari wa doria na miche ya kupanda upya. Kaunti zote mbili zina haki ya kudai jibu la maandishi, kabla kundi lingine halijapangiwa safari.