Ruta humwamini nani kwanza?

Uko Mbamba Bay, unataka kwenda Kyela. Dereva wa basi anakutajia kilomita za kuzunguka Mbinga, Songea na Njombe. Mtu wa meli anakutajia saa za kukata Ziwa Nyasa. Kilomita na saa huwezi kuzilinganisha, kwa hiyo unajiuliza: hapa namwamini nani?

Ruta, mashine inayoelekeza data yako, ina kazi hiyo hiyo. Itifaki ya RIP huhesabu ruta za kupitia njiani. OSPF hujumlisha gharama, kwa kawaida kutokana na uwezo wa laini. Vipimo haviendani.

Dawa yake? Kila chanzo kinapewa namba ya kuaminika. Kwenye ruta za Cisco, njia iliyoandikwa na fundi kwa mkono ni 1, OSPF 110, RIP 120. Zote zikielekea anwani zile zile, namba ndogo inashinda.

Ila namba hiyo haipimi kasi wala uzima. Njia ya mkono ikikatika mbele bila ruta kujua, data inaendelea kumwagwa huko na muamala wako unakwama, hata kama OSPF ina njia nzima.

Ndiyo maana njia ya akiba hupewa namba kubwa, mfano 200. Inatulia hadi ile kuu ipotee.

Lakini akiba nayo iwe ya kweli. Mei 12, 2024 mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom ilikatika pamoja, intaneti ikayumba Tanzania. Laini zako mbili zikitegemea mikongo hiyo hiyo, hakuna namba itakayokuokoa.