Utangulizi: Kusikia bila Kung'ang'ania

Honi ya treni ya kutoka Kaliua ikilia Mpanda, huisikii kwa sababu ulipanga kuisikia. Sikio limeshapokea, ndipo wewe unafuata na yako: nani kaja, mzigo umo au haumo, mbona leo imechelewa. Kitabu hiki kinahusu nafasi hiyo finyu kati ya sauti na hayo tunayoitwisha. Bankei, mwalimu wa Zen wa Japani (1622–1693), aliwaonyesha wasikilizaji wake, wengi wao watu wa kawaida, kwamba hata wakimkazia macho yeye, kunguru akilia nyuma yao watamsikia, na watajua ni kunguru, bila kukusudia.

Karibu, uwe Mkristo, Mwislamu au mshika mila za Wapimbwe. Hakuna atakayekuomba ubadili dini. Ubuddha si mgeni kabisa Afrika Mashariki: Upanga, Dar es Salaam, lipo hekalu lililoasisiwa na Wasinhala, na nchini Uganda Bhante Buddharakkhita alianzisha kituo mwaka 2005. Hao ni wa Theravada. Zen ni tawi jingine, lililokulia China kisha likaenea Japani, na ndilo tutakalolifuata.

Shuleni tulifundishwa milango mitano ya fahamu. Wabuddha huhesabu sita, kwa kuwa akili nayo ni mlango: wazo huingia humo kama harufu inavyoingia puani. Kiangazi, Mto Katuma ukikauka, viboko hubanana kwenye madimbwi machache, na harufu yao humpokea mgeni wa Hifadhi ya Katavi kabla hajawaona. Harufu ni jambo moja. "Siwezi kukaa hapa" ni jambo la pili, nalo limepitia mlango wa sita. Zen haisemi uzibe pua. Ndiyo maana katika zazen, yaani kukaa kimya, wafuasi wa Soto, mojawapo ya madhehebu ya Zen, huelekea ukutani macho yakiwa wazi nusu. Anayeyafumba husinzia, au huanza kujionyesha sinema.

Hata hivyo nisingependa msomaji aanzie ukutani. Aanzie jikoni. Mwaka 1237 Dogen, mwalimu wa Zen wa Japani, aliandika maelekezo kwa mpishi wa monasteri, na humo anamtaka asidharau mboga duni wala asishangilie vyakula vya fahari: uangalifu uwe uleule. Mpishi wa Mpanda aliyezoea migebuka ya Karema, kisha leo ana kisamvu kitupu, anaijua shida hii kuliko sisi wasomi. Asali ya Inyonga itabaki tamu. Kinachoangaliwa ni mkono unaorudi kwenye kopo wakati ulimi umeshatosheka.

Sura ya mwisho ni chungu. Brian Victoria, padri wa Soto na mwanahistoria, alichapisha mwaka 1997 kitabu kinachoonyesha jinsi walimu wakubwa wa Zen walivyounga mkono vita vya Japani, wakiyageuza mafundisho ya kutong'ang'ania chochote, uhai ukiwemo, kuwa ujasiri wa kuua na kufa. Nimeiweka mwishoni kwa sababu ya mfuatano wa miaka tu. Msomaji mwenye shaka na Zen anaweza kuanza nayo.