Paka Wetu Anaumwa, na Hakuna Anayejua Nini

Jioni moja nilirudi kutoka skuli nikamkuta Pamba amejikunyata chini ya ngazi. Kwa kawaida akisikia mlango mkubwa unalia hushuka mbio, maana anajua mimi ndiye napita Darajani kumchukulia utumbo na vichwa vya samaki. Siku ile hakuja. Nilimwita. Akanyanyuka, akapepesuka kama mlevi, akaanguka ubavu. Shingo imeinama, kidevu kinagusa kifua. Mboni za macho zilikuwa kubwa, na jua bado lipo.

Nilikuwa Fomu Tuu wakati huo. Tulikaa Mkunazini, nyumba ya zamani yenye wapangaji wengi, na kabla ya Magharibi kila mtu alikwishatoa hukumu yake. Bibi alisema, "Huyu kapigwa na mtu." Jirani wa juu akasema kala sumu ya panya. Ami yangu hakutaka hata kusogea: "Hicho kichaa hicho! Mtieni guniani mkamtupe kabla hajang'ata mtoto."

Na kweli, wakati tunabishana, mdogo wangu wa miaka 6 akainama kumbeba. Pamba akashtuka, akamng'ata kidole. Damu ikatoka.

Mimi nilikuwa nimeshika nusu kidonge cha panadol, nataka kumpa paka. Dada akanishika mkono. "Kwani we unajua anaumwa nini?"

"Sijui."

"Basi kama hujui, dawa ya nini?"

Msomaji, swali lile la dada ndilo lililonifanya niandike makala haya. Maana paka akiumwa bila sababu kujulikana, mambo mengi tunayoyafanya kwa huruma ndiyo yanayomuua. Na mengine yanatuumiza sisi wenyewe.

KIDOLE KWANZA, PAKA BAADAYE

Kichaa cha mbwa hakiwapati mbwa peke yao. Paka naye hupata, na virusi vyake vimo katika mate. Mtu akishaanza kuonyesha dalili za ugonjwa huu, karibu kila mara hufa. Lakini akichanjwa mapema, kabla ya dalili, anapona. Kwa hiyo hapa hakuna kusubiri.

Dada alimpeleka mdogo wetu kwenye bomba, akaosha kidonda kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15. Mtoto alilia, lakini dada hakuacha. Hakupaka mafuta wala majivu. Usiku ule ule wakaenda hospitali, akapigwa sindano ya kwanza ya chanjo.

Hospitali wakauliza, "Paka yuko wapi?" Wakasema asiuawe wala asitupwe. Afungiwe, atazamwe kwa siku 10. Paka au mbwa aliyeng'ata akibaki hai na mzima baada ya siku 10, ina maana siku ile alipong'ata hakuwa na virusi vya kichaa katika mate yake.

Umeona? Kama tungemsikiliza ami, tungetupa jibu pamoja na gunia. Tusingejua kama mtoto amenusurika au la.

Wala usidhani kisiwa kina ukuta. Pemba ilifanikiwa kukimaliza kichaa cha mbwa mwaka 2014 kwa kuchanja mbwa. Mwaka 2016 kikaingia tena kutoka nje, na ikabidi mbwa wa kisiwa kizima wachanjwe upya. Kikaondolewa mara ya pili mwaka 2018. Chanjo ndiyo inayolinda, bahari haitoshi.

MASWALI YA DAKTARI

Asubuhi tulimzungushia Pamba taulo nene, tukamtia katika kikapu cha ukili chenye kifuniko, tukampeleka kwa daktari wa wanyama. Nilitegemea atamtazama mara moja aseme ugonjwa. Wapi! Alianza kutuuliza sisi. Ameanza lini? Anakula nini? Anakojoa? Anatapika? Nyumbani mmepulizia dawa ya wadudu? Kuna panya waliokufa? Amepigana na paka wengine?

Nusu ya maswali hatukuweza kujibu. Nikaona haya. Paka tunakaa naye miaka mitatu, na hatujui kama jana alikunywa maji.

Lakini swali la chakula tulilijibu vizuri. "Samaki tu," nikasema. "Mbichi. Dagaa na utumbo, kila siku."

Daktari akatikisa kichwa. Akatueleza jambo ambalo mtu wa pwani hawezi kuliamini kirahisi: samaki mbichi peke yake si chakula kizuri cha paka. Baadhi ya samaki, hasa wa jamii ya dagaa, wana kitu mwilini mwao kinachovunja vitamini B1. Paka akila hao tu, wiki baada ya wiki, vitamini hiyo humwishia. Ubongo na mishipa ya fahamu haiwezi kufanya kazi bila hiyo. Kwanza hamu ya kula hupotea. Baadaye shingo inainama, mwendo unayumba, mboni zinatanuka, na mwisho huja kifafa na kifo. Ukiwachemsha samaki wale, kile kitu kinaharibika kwa moto.

"Kwa hiyo ndiyo ugonjwa wake?" nikauliza.

"Huenda," akasema. "Sina kipimo cha kunihakikishia. Lakini sindano ya vitamini B haitamdhuru, na kama ni hiyo, mtaona mabadiliko siku mbili tatu hizi."

Nilikasirika kidogo. Nilitaka jibu, nikapewa "huenda". Leo naelewa kuwa yule alikuwa daktari mkweli.

MAMBO MENGINE YANAYOFANANA

Paka anayeyumba au kuzubaa anaweza kuwa na mambo mengi. Haya ni baadhi tu:

* Sumu ya panya. Paka si lazima aile yeye. Akila panya aliyekula sumu inatosha.

* Dawa za viroboto za mbwa. Nyingine zina pamethrini. Mbwa haimdhuru, paka humtetemesha hadi kufa.

* Panadol. Ini la paka haliwezi kuivunja parasetamoli kama ini la binadamu. Ufizi hugeuka rangi, uso huvimba, damu hushindwa kubeba hewa. Kidonge kimoja cha mtu mzima kinaweza kumuua. Ile nusu yangu ingetosha kummaliza mgonjwa wangu.

* Bunju. Wavuvi wanamjua samaki huyu anayejivimbisha, ndiyo maana humtupa. Sumu yake hulegeza viungo mpaka pumzi inasimama, na kuipika hakuiondoi. Usimpe paka samaki usiyemjua. Na ukumbuke kuwa hata kwa watu yapo mambo kama hayo: Machi 2024, katika kisiwa cha Panza huko Pemba, watoto 8 na mtu mzima 1 walikufa baada ya kula nyama ya kasa.

* Mkojo kuziba. Ukimwona paka dume anachuchumaa mara kwa mara, analia, na hakuna kinachotoka, usingoje kesho. Anaweza kufa katika siku moja au mbili.

JE, PAKA ANAWEZA KUNIAMBUKIZA?

Baadhi ya magonjwa, ndiyo. Mbali na kichaa, kuna choa, ambacho ni ugonjwa wa ngozi na unatibika. Kuna pia toksoplasma, kijidudu kinachotoka katika kinyesi cha paka. Kwa watu wengi hakileti shida kubwa, lakini kinaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Kwa hiyo mama mjamzito asisafishe choo cha paka. Asafishe mwingine, kila siku, maana kijidudu hicho huhitaji siku moja au zaidi nje ndipo kiweze kuambukiza. Osha mikono na mboga, na upike nyama iive. Si lazima kumfukuza paka.

Vijana huuliza pia juu ya "ukimwi wa paka". Upo. Virusi vyake viligunduliwa California mwaka 1986. Paka hupeana kwa kung'atana wakipigana. Binadamu hapati kabisa.

PAKA WALIOTOA HABARI MAPEMA

Katika miaka ya 1950, huko Minamata, mji wa wavuvi nchini Japani, paka walianza kuyumba, kuzunguka kama wanaocheza ngoma, wengine wakaanguka baharini. Watu walishangaa. Mwaka 1956 ikatangazwa rasmi kuwa watoto na watu wazima nao wanaugua hivyo hivyo. Baadaye ikajulikana: kiwanda kilikuwa kinamwaga zebaki baharini, ikaingia kwa samaki, na samaki wakaliwa na paka na watu. Mwaka 1959 daktari wa kiwanda chenyewe, Hajime Hosokawa, alimlisha paka maji machafu ya kiwanda, naye akaugua. Wakubwa wakaificha habari hiyo. Uchafu uliendelea kumwagwa mpaka 1968.

Paka hula tunachokula sisi, na hulala tunapolala. Akiumwa, na hasa wakiumwa wengi mtaani, hilo ni jambo la kuripoti kwa ofisi ya mifugo.

KUKAA NA "SIJUI"

Kitu kigumu kuliko vyote kilikuwa kusubiri. Zile siku 10 ziligusa wawili: paka chumbani, mtoto na kidole chake. Bibi hakulala vizuri. Ami alikuwa akipita mlangoni pa Pamba anabana kanzu.

Dada akanipa daftari. Kila asubuhi na jioni niandike: amekula kiasi gani, amekunywa, amekojoa, anatembeaje, anavuta pumzi ngapi kwa dakika akiwa amelala. (Paka mzima aliyetulia kwa kawaida hapiti 30.) Daftari lile lilinisaidia mimi kuliko paka. Hofu ikapata kazi ya kufanya.

Pia niliona tunavyopenda kujaza pengo la kutojua kwa lawama. Kapigwa na mtu. Katumwa. Atupwe. Wenzetu wa Kagera waliyapitia hayo wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walipoonekana mwaka 1983. Kabla haujajulikana vizuri, watu waliupa jina la kitambaa, Juliana, na wengine wakasema ni uchawi. Wagonjwa wakaumia mara mbili: kwa ugonjwa na kwa maneno. Anayeanza kwa kumtupa paka asiyeeleweka, kesho atamfanyaje jirani asiyeeleweka?

Siku ya tatu Pamba aliinua shingo. Siku ya tano alikula wali na samaki wa kuchemsha. Siku ya 10 alikuwa hai, anatembea, na mdogo wangu akaruka kwa furaha. Lakini kichwa kilibaki kimeelemea kushoto kidogo, maisha yake yote. Mpaka leo sijui kwa hakika alikuwa na nini. Ami alimwita "Mzee Upande", na mwisho yeye ndiye aliyekuwa akimchemshia dagaa.

FANYA HIVI

1. Ukiumwa au ukiparuzwa, osha kwa maji na sabuni dakika 15, nenda hospitali siku hiyo hiyo.
2. Mtenge paka mahali penye kivuli, maji na utulivu. Mshike kwa taulo nene. Watoto wakae mbali.
3. Andika unachokiona.
4. Mpeleke kwa daktari wa wanyama. Asipokula siku mbili, usingoje ya tatu.

USIFANYE HIVI

1. Usimpe dawa ya binadamu, hata robo.
2. Usimlazimishe maziwa au mafuta mdomoni. Yanaweza kuingia mapafuni.
3. Usimtupe wala kumuua paka aliyemng'ata mtu.
4. Usimlaumu mtu kwa ugonjwa usioujua.

JADILINI DARASANI

* Kwa nini daktari aliuliza maswali kabla ya kumgusa paka?
* Mtaani kwenu, ugonjwa usiojulikana unapotokea, nani husema kwanza, na nani husikilizwa?
* Ungekuwa wewe ndiye dada, ungemwambia nini ami bila kumvunjia heshima?