William hayumo katika Biblia

Wazazi wa Lupaso na Masasi wanaoandikisha watoto kwa ubatizo hawaachi kuuliza: "William lina maana gani katika Biblia?" Halina. Pekua kuanzia Mwanzo hadi Ufunuo, hutampata William hata mmoja.

Jina hili ni la Wajerumani wa kale, Willahelm: nia, na kofia ya chuma ya vitani. Lilishika Uingereza baada ya mwaka 1066, William Mshindi alipoitwaa nchi hiyo na raia wakaanza kuwaiga watawala. Katika karne ya 12 Robert wa Torigni alisimulia karamu ya Krismasi huko Normandi: wasioitwa William walitolewa nje, na bado wakabaki wapiganaji wapanda farasi zaidi ya 100.

La Biblia ni Benjamin. Benjamin William Mkapa, Rais wa tatu wa Tanzania, aliyezaliwa Lupaso mwaka 1938 na kuzikwa huko huko mwaka 2020, aliyabeba yote mawili. Katika Mwanzo 35 Raheli, akikata roho, anamwita mwanawe Benoni. Yakobo anambadilishia kuwa Benyamini, mwana wa mkono wa kuume.

Imani inayopaswa kukomeshwa ni kwamba jina la Kizungu ndilo la Kikristo. Si kweli hata kidogo, na imewanyima watoto wengi majina ya babu zao. Sheria ya Kanisa Katoliki ya 1917 ilidai jina la Kikristo. Mzazi akishikilia lake, padri aliongeza la mtakatifu na kuyaandika yote mawili kitabuni. Ya 1983, kanuni ya 855, inakataza tu jina lisilopatana na hisia za Kikristo. Uzungu unadaiwa wapi hapo? William linapita kwa sababu wapo watakatifu walioitwa hivyo, kama Askofu Mkuu William wa York, aliyefariki mwaka 1154. Kizito, kijana wa Uganda aliyeuawa Namugongo mwaka 1886, alitangazwa mtakatifu mwaka 1964 kwa jina lake la nyumbani. Kwa hiyo Kizito ni jina la ubatizo kamili, sawa na William.

Hata Waanglikana wa Masasi, chini ya Askofu Vincent Lucas, waliliingiza jando katika maisha ya Kanisa badala ya kulipiga marufuku. Na jandoni ndiko kijana wa huku hupata jina jipya.

Basi mpe mtoto la babu, la mtakatifu, au yote mawili. Muulize katekista mapema. Chagua tahajia moja, William au Wiliamu, na iwe hiyo hiyo kwenye cheti cha ubatizo, cha kuzaliwa na kumbukumbu za shule. Kusahihisha baadaye ni viapo, ada na safari za ofisini.