Herufi za Bodoni na Majina ya Karagwe

Katika herufi zote zilizopata kuchongwa kwa ajili ya matbaa, sijaona zinazolaumiwa pasi na haki kama zile zenye shina nene na mkono mwembamba, ambazo kadi za michango ya harusi zinazotolewa huku kwetu Karagwe na Kyerwa, katika Kayanga, Omurushaka na Nkwenda, hazikosi kuzivaa. Kwani mwalikwa akishindwa kulisoma jina la bibi harusi husema fonti ni mbovu, ilhali fonti hiyo ni kazi ya mabingwa, na ubaya wote umo katika namna ilivyotumiwa.

Mabingwa wenyewe ni Giambattista Bodoni, aliyekabidhiwa matbaa ya mtawala wa Parma, Italia, mwaka 1768, na Firmin Didot wa Paris, ambaye herufi zake zilitokea yapata mwaka 1784. Unene na wembamba wa herufi ulikuwapo kabla yao, nao ulitokana na kalamu yenye ncha pana, jinsi ile kalamu ya mwanzi ambayo watu wa pwani waliandikia Kiswahili kwa herufi za Kiarabu huacha wino mpana ikivutwa upande mmoja na wino mwembamba ikivutwa upande wa pili. Lakini wao waliizidisha tofauti hiyo hata mstari mwembamba ukawa mfano wa unywele, na vile vijiti vya mlalo vilivyo miguuni na vichwani mwa herufi, yaani serifu, vikanyooka pasi na mkunjo wowote. Jambo hilo lisingewezekana juu ya karatasi ya kale yenye mikwaruzo. Ilihitajika kwanza kazi ya John Baskerville wa Birmingham, ambaye katika kuchapa tenzi za Virgil mwaka 1757 alitumia karatasi laini zaidi na kuikandamiza kwa mabamba ya shaba yaliyopashwa moto, ili wino ubaki pale pale ulipoguswa na herufi za risasi, usitambae.

Sasa mtu na aliandike jina KYERWA kwa herufi kubwa za namna hii, kisha alitazame kwa karibu. K ina nguzo nene, mkono wa juu mwembamba na mguu mnene. Y ni nene kushoto na nyembamba kulia. E ni nguzo moja nene yenye mikono mitatu myembamba. W hupokezana, nene, nyembamba, nene, nyembamba. Na A ni nyembamba kushoto, nene kulia, na kamba yake ya katikati ni nyembamba vile vile. Katika bango la kimo cha mtu, haiba yake haina mfano. Lakini jina hilo hilo likipunguzwa hata likaenea katika pembe ya kadi, kisha kadi ikatolewa kopi, na kopi ikatolewa kopi nyingine kwa mashine iliyokaribia kuishiwa wino, kila kilicho chembamba hutoweka: E husalia nguzo tupu, A kijiti kimoja kilicholala upande, W vijiti viwili visivyojuana. Na kwa kuwa nguzo zote mbili za N ni nyembamba, Nkwenda huanza na mkwaju mmoja tu. Majina yetu, kuanzia Karagwe na Kayanga hata Kaisho na Kyerwa yenyewe, iliyofanywa wilaya mwaka 2012, yamejaa K, Y, W na A, na kwa hiyo yanadhulumika kuliko majina mengi.

Bodoni aliyajua haya yote. Kila ukubwa aliuchongea herufi zake mbalimbali, na zile ndogo akazitia mistari minene kidogo ili zistahimili, wala hakudhani kwamba herufi ndogo ni herufi kubwa iliyosinyaa. Ilipokuja kompyuta, aghalabu mchoro mmoja ukatumika kwa kila ukubwa, na ustadi huo ukaelekea kusahauliwa, ingawa mwaka 1994 ilitolewa fonti ya ITC Bodoni yenye michoro mitatu, wa pointi 6, wa 12 na wa 72. Vijana wa stesheneri wanayo Playfair Display, aliyoitoa Mdenmark Claus Eggers Sørensen mwaka 2011, nayo ni ya bure, lakini imekusudiwa vichwa vya habari; dada yake mpya, Playfair, inaweza kurekebisha wembamba wake kwa kadiri ya ukubwa, nayo pia ni ya bure. Basi hapana udhuru wa kuandika namba ya simu ya mwenyekiti wa kamati kwa mistari isiyoonekana.

Linaloniudhi zaidi ni israfu ya mabango ya plastiki, yanayochapwa kwa shughuli ya siku moja, yakiwa na maneno membamba ambayo abiria wa bodaboda hawezi kuyasoma, na kesho yake yamekwisha kuwa ya kuanikia maharage. Ilhali wapo mafundi wa brashi, ambao mkono wao unajua mahali pa kukandamiza na mahali pa kuachia, na ambao ubao wao hudumu miaka. Na wanaotoa kazi za mabango ya umma hawawaulizi.

Pa kuzitumia herufi hizi za Bodoni na Didot ni pengi: jina la jarida, kama Vogue na Harper's Bazaar, jalada la kitabu, cheti, jina la hoteli, kibandiko cha chupa ya manukato, kadi, kwa jina la maharusi peke yake, likiwa kubwa. Kwenye fulana, hapana, kwani mistari myembamba hukatika katika matundu ya wavu wa kuchapia. Na kwenye gunia la kahawa ndiyo kabisa, kwa kuwa nyuzi za katani ni nene kuliko mkono wa K, na yafaa liachiwe herufi zake pana za kupakwa rangi kwa bati lililokatwa.