Mkoba au mkanda? Fundi wa umeme achague kulingana na kazi

MAFUNDI wa umeme wanaohudumu Molo na viunga vyake, kutoka Elburgon na Turi hadi Keringet na Mau Summit, hubeba vifaa vyao kwa njia za kila aina. Kuna wanaotumia mkoba wa shule uliochakaa, kuna wanaobeba ndoo tupu ya rangi ya lita 20, na wapo wanaofunga bisibisi na koleo ndani ya gunia nyuma ya bodaboda. Wengine hujifunga kiunoni mkanda wenye mifuko.

Kwa mwenye nyumba, hilo ni jambo dogo lisilomhusu. Hata hivyo, chombo cha kubebea vifaa ndicho huamua iwapo mikono ya fundi itakuwa huru anapopanda ngazi, iwapo koleo litamwangukia msaidizi aliye chini, na iwapo vifaa vyenye kinga ya umeme vitaendelea kumkinga.

Kazi yenyewe imepanuka. Serikali ilipoanzisha mradi wa Last Mile mnamo 2015, ada ya kuunganishiwa umeme ilipunguzwa kutoka Sh35,000 hadi Sh15,000, na nyumba nyingi za mashambani zikahitaji kutandazwa nyaya. Fundi yule yule anaweza kuwa juu ya dari ya nyumba ya mabati asubuhi, na alasiri akawa amechuchumaa akifunga soketi kwenye ukuta wa duka mjini. Kazi hizo mbili hazihitaji chombo kimoja.

Swali la kwanza la kujiuliza kabla ya kununua ni hili: je, muda mwingi nitakuwa juu ya ngazi au nimesimama sakafuni?

Anayefanya kazi ngazini anahitaji mkanda. Mtu anayepanda akiwa ameshika bisibisi mkononi hubakiwa na mkono mmoja tu wa kujishikilia. Naye anayetia vifaa kwenye mfuko wa suruali hujichoma paja anapoinama. Mkanda mzuri ni mpana, hukaa juu ya nyonga, na mifuko yake ni ya kina cha kutosha kuzuia koleo lisichomoke fundi anapojipinda.

Mkanda usijazwe kupita kiasi. Testa, bisibisi bapa na ya nyota, koleo, kisu cha kumenya nyaya na tepu vinatosha kwa shughuli nyingi. Uzito ugawanywe pande zote mbili ili kiuno kisivutwe upande mmoja. Sehemu ya nyuma, penye uti wa mgongo, iachwe bila kifaa chochote kigumu, kwa maana anayeanguka chali huangukia kifaa hicho.

Kifaa kinachodondoka kutoka urefu wa mita tatu hufika chini kikiwa na kasi ya takriban kilomita 28 kwa saa. Koleo la chuma kwa kasi hiyo linaweza kupasua kichwa cha msaidizi anayeshikilia ngazi. Kwa sababu hiyo, mifuko yenye kifuniko au kamba fupi za kufungia vifaa si mapambo.

Lipo kosa moja linaloweza kugharimu maisha. Mkanda wa vifaa si mkanda wa usalama. Haukutengenezwa kubeba uzito wa mtu, na kuufunga kwa kamba kwenye boriti au nguzo hakumwokoi anayeteleza. Kinachomzuia mtu kuanguka ni mshipi maalumu unaoshika mapaja, kifua na mabega, uliofungwa mahali imara. Isitoshe, nguzo na nyaya zilizo kabla ya mita ni kazi ya Kenya Power na wanakandarasi wake, wala si ya fundi wa nyumba.

Vivyo hivyo, fundi anapofungua kisanduku cha swichi, mnyororo, ndoano au utepe wa chuma wa kupimia usining'inie mkandani. Chuma kikigusa mahali penye umeme, madhara hutokea kabla mtu hajatambua. Azime swichi kuu kwanza, apime kwa testa, kisha ndipo aguse.

Kwa anayefanya kazi sakafuni, au anayesafiri mbali na vifaa vingi, mkoba ndio unaofaa. Hapa hali ya hewa ya Molo haina budi kuzingatiwa. Mji huu uko zaidi ya mita 2,400 juu ya usawa wa bahari. Ni baridi, mvua ni nyingi na udongo hugeuka matope. Mkoba wenye kitako kigumu cha plastiki au mpira husimama wima na hauruhusu maji kupenya kutoka chini.

Ngozi hudumu, ila hunyonya maji na kuota ukungu ikihifadhiwa mbichi. Turubai ni imara lakini huchelewa kukauka. Nailoni ni nyepesi na hukauka haraka, ingawa ile hafifu hufumuka mishononi. Vyovyote iwavyo, mkoba ulionyeshewa umwagwe vitu vyote jioni na kuanikwa, kwa kuwa kifaa chenye unyevu si cha kuaminiwa karibu na umeme.

Msafiri wa bodaboda achague mkoba wa kuvaliwa mgongoni kwa mikanda miwili. Mzigo mzito unaoning'inia begani upande mmoja huyumbisha pikipiki, hasa penye utelezi.

Ndani ya mkoba, msumeno na patasi vitengwe na koleo na bisibisi zenye kinga. Vifaa halisi vya aina hiyo huwa na alama ya pembetatu mbili na maandishi 1000V. Mpini ukikatwa au kupasuka, kinga hiyo haitegemewi tena.

Nafasi maalumu kwa kila kifaa ina faida nyingine: fundi hutambua kwa kutazama tu kilichokosekana, kabla hajakisahau darini au ndani ya kisanduku cha swichi.

Dukani au kwenye mitumba, mnunuzi abebe vifaa vyake mwenyewe. Avitie ndani, atembee, achuchumae, ainue mguu kama anayepanda ngazi. Akague mishono ya kitako na mahali mkanda wa begani unaposhikana na mkoba, kwani hapo ndipo pa kwanza kukatika. Rahisi hugharimu.

Aliyeajiriwa na mwanakandarasi akumbuke kuwa Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka mwajiri kuwapa wafanyakazi vifaa vya kujikinga. Mshipi wa kuzuia kuanguka si wa kukatwa kwenye ujira wake.

Kwa kijana anayetoka chuoni na mwenye fedha kidogo, njia ya kati inatosha: mkoba mmoja imara unaobaki sakafuni, na kifuko kidogo cha kiunoni. Kabla ya kupanda, achukue tu vile atakavyotumia kwa hatua hiyo. Akishuka, avihesabu na kuvirejesha.